Swali la Ukoo wa Kobe

Swali la ukoo wa Kobe nililisoma mara tatu, ingawa desturi ni mara mbili.

"Prosesa za ukoo wa Kobe," nikasema kwa sauti, "ziwe ndani ya kiini kipya au ziwe nje? Mwenye mashine ya Kobe asimame aiseme."

Hakusimama mtu. Ukumbi ule zamani ulikuwa kiwanda cha chai, na watu wa Isoso walikuwa wamekaa juu ya magunia kati ya meza ndefu za kukaushia majani, wamejifunika mablanketi, maana ukungu wa kule huwa haubishi hodi. Mbele yao alikaa Mama Sekela, mwanzishaji wao. Kazi ya mwanzishaji ni kusikiliza kimya cha watu. Kikishatosha, yeye anatoa jibu na wengine wanaitikia, kama wimbo unavyoanzishwa.

"Fundi, mbona umeganda?" Lusekelo mwenye mashine ya kusaga alinipigia kelele kutoka nyuma. "Kobe wa mwisho hapa alikuwa kwenye mashine yangu. Tulimzika na unga wake!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ya nilichokisikia sikioni.

Nieleze kidogo. Kiini ni programu moja inayoendesha mashine zote za mji, na prosesa ni ubongo wa kila mashine. Mkoba wangu, ule wa mgongoni, una kidude kinachokaa sikioni. Nikisoma jina la ukoo wa prosesa, mkoba unapiga hodi hewani, na kila mashine ya ukoo huo iliyo jirani inaitika. Nilipowataja Kipanga, ziliitika pampu zote za ziwani kwa mlio mwembamba. Nilipowataja Swala, ulikuja mvumo kama mzinga wa nyuki: taa, malango, redio, mashine za kukamulia. Kwa Kobe nilitegemea kimya. Ukoo ule ulikwisha kutengenezwa kabla sijaota mvi.

Nikasikia mlio mmoja. Mfupi, mchovu. Nikasoma tena, ukaitika tena, na ulitoka humo humo ukumbini.

Mama Sekela akanyanyua kidevu. "Nje!" akasema, na sauti yake ikajaa jengo lote.

"Nje!" wakaitikia.

Kidole changu kikabonyeza, nikaenda kwenye swali linalofuata. Ningefanya nini? Sheria ya fundi wa viini ni moja kubwa kuliko zote: fundi hanyooshi kidole. Mashine nyingine zimo miilini mwa watu, na mwili wa mtu ni siri yake. Kuna miji niliyopita ambako watu wenye vidude vya zamani waliwahi kufukuzwa kwa mawe, eti wanawachelewesha wenzao. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba fundi akisikia, amesikia peke yake. Mwenye mashine anasimama mwenyewe au hasimami.

Na kusoma maswali hadharani nako kuna sababu yake. Ule mwaka wa viini vya sumu, fundi mmoja alijifungia chumbani na kiini cha mji wa watu, akatoka na kitu kilichofungua malango yote ya bwawa kwa pamoja. Tangu hapo hakuna mji wa milimani unaokubali kiini kipangwe faraghani. Kila swali linasomwa, kila swali linajibiwa. Ndani, nje, au pembeni. Mashine iliyo nje haiwaki tena. Pembeni maana yake kitu kinakaa kando, kinaitwa kikihitajika. Ila ukoo wa prosesa hauna pembeni. Huwezi kuiweka kando lugha ambayo kiini chenyewe kinaizungumza.

"Endelea, Mzee Songoro," akasema Mwenyekiti Gwantwa, mama mmoja mkavu aliyesimama mlangoni akiangalia nje. "Ziwa halitusubiri."

Nikaendelea. Sauti yangu ilikuwa ikisoma habari za malango na saa na vihisio, na macho yangu yalikuwa yakipita usoni kwa mtu mmoja mmoja, nikimtafuta mtu ambaye mke wake, au mama yake, au jirani yake wa gunia moja alikuwa ametoka kumwitikia kifo.

*

Kiini kikishajibiwa maswali yote kinachukua muda kuiva. Nikaacha mkoba ukifanya kazi mgongoni na kuanza kuzunguka mji, kidude kikiwa sikioni, nikijifanya mzee anayenyoosha miguu.

Isoso imejengwa juu ya ukingo wa kreta, nyumba zimeshikana mikono kuzunguka ziwa. Ziwa lenyewe, Mbwila, liko chini kama chai iliyobaki kwenye kikombe. Chini kabisa ya maji yake kuna hewa nzito iliyofungwa na uzito wa maji. Ikitoka yote mara moja, inapanda na kumwagika juu ya ukingo, haina rangi wala harufu, na chochote kinachovuta pumzi kinalala. Ndiyo maana kuna mabomba na pampu, zinaitoa kidogo kidogo. Na ndiyo maana kila mlango wa Isoso una taa ndogo ya moto wazi iliyotundikwa usawa wa goti. Taa ya goti ikizimika yenyewe, watu hawaulizani. Wanapanda juu ya chochote.

Siku zile hewa ilikuwa imeanza kupanda haraka kuliko pampu. Ng'ombe walikuwa wamekutwa wamelala bondeni, majani bado mdomoni.

Mlio wa Kobe ulinipeleka chini, ngazi baada ya ngazi, hadi kibanda cha pampu kilichosimama juu ya nguzo karibu na maji. Ndani alikuwa Mzee Andimile, aliyezijenga pampu zile na kuzilea. Alikuwa amekaa mbele ya geji zake na birika la chai. Mume wa Mama Sekela.

"Ndaga, baba," nikamsalimia kwa kilugha chao.

"Ndaga. Kaa." Akanimiminia chai. Pumzi yake ilikwenda kwa kipimo, sawasawa mno, kama ya mtu anayepigiwa ngoma ndani. "Umekuja na masikio yako."

"Nimekuja kuona pampu."

"Pampu haziko kifuani mwangu, Mzee Songoro. Mbona unaangalia hapa?"

Nikanywa chai, ilikuwa na tangawizi nyingi.

"Mama Sekela anajua?" nikauliza.

"Anachojua ni kwamba nilibadilishiwa kidude cha pumzi. Nilikwenda mjini, nikarudi na kovu jipya, akafurahi, akachinja jogoo. Madaktari walinifungua wakakuta nyaya zimeota pamoja na nyama. Wakasema wakizing'oa nitabaki mezani. Wakanifunga." Akajigonga kifua kwa kidole. "Kwa hiyo huyu Kobe bado yumo. Tangu ule mlipuko wa hewa wa zamani, misuli yangu ya pumzi imesahau kazi. Yeye ndiye anayeikumbusha."

"Kiini kipya kikitumwa hatawaka."

"Najua."

"Na akibaki na kiini cha zamani, mashine za mji zitamwona mgeni."

"Mimi ndiye niliyewafundisha watu hapa jambo hilo, unanieleza nini?"

Kweli alilijua. Tangu mwaka wa sumu, kila mashine huiuliza jirani yake muhuri wa kiini. Mihuri ikitofautiana zinakataana, na mashine inayojikuta peke yake kati ya wageni inajizima, ikidhani imetekwa. Waliotunga jambo hilo walifikiria pampu na malango. Hawakufikiria kifua cha mtu.

"Ungesimama," nikasema. "Hukusimama kwa nini?"

Akanisogezea geji. Sindano zilikuwa zikirukaruka, moja ikipanda nyingine inashuka, kama watu wanaogombania kitanda.

"Ona. Pampu zote zinatumia hesabu moja, ya hewa iliyobaki chini. Kila moja ikitaka kufungua, inasoma hesabu, inapunguza, inaandika. Kipanga anafanya hayo kwa pigo moja, hapenyi mtu. Kobe hawezi. Anasoma kwanza, halafu anaandika, na katikati pana mwanya. Kiini kikiwa na Kobe ndani, lazima kiseme lugha ya Kobe kwa wote. Kwa hiyo kila pampu inafunga mlango, inafanya hesabu yake, inafungua, ndipo nyingine iingie."

"Choo kimoja nyumba nzima," nikasema.

"Na wote wana tumbo la kuendesha." Akacheka kidogo, akasita, akangoja kidude kimpe pumzi. "Zamani kilitosha. Sasa hewa inapanda, pampu zinagongana kwenye foleni, mbili zinafungua kwa pamoja, tatu zinalala. Sasa nikuulize wewe uliyetembea. Ningesimama pale, wangesema nini?"

"Ndani."

"Ndani! Wote. Na wa kwanza angekuwa mke wangu. Halafu wangerudi majumbani wamejisifu kwa utu wao, walale na watoto wao, na ziwa lipinduke. Sikunyamaza kwa ushujaa, usinitazame hivyo. Nilinyamaza kwa sababu nawajua."

"Kuna mafundi wa mbali wanaochonga kiini chenye ndimi mbili."

"Mkoba wako unaweza?"

"Hauna nafasi hiyo."

"Basi tuache hadithi."

Nikamwambia lililokuwa limenijia njiani. Mkoba wa fundi ni mashine pekee iliyotengenezwa iishi bila majirani, kwa sababu fundi hutembea. Nikiuacha na muhuri wa zamani, ungeweza kumwitikia Kobe wake kila akipiga hodi. Mkoba ungekuwa jirani yake, mji wake mzima. Lakini lazima awe mbali na Isoso, ng'ambo ya ukingo, mahali ambapo sauti za mashine mpya hazifiki.

"Na mkoba wenye muhuri wa zamani," akasema polepole, "ni mji gani utakukubali nao?"

"Hakuna."

"Utakula nini?"

"Sijafika huko."

"Na mimi nifungwe mgongoni kwako kama mbuzi wa mnada? Nipande milima kwa miguu hii, nikilala nisikie mkoromo wa..."

Hakumaliza. Taa ya goti iliyokuwa mlangoni ikazimika. Haikupepesuka, ilizimika kama mtu aliyefumba jicho. Tukaruka juu ya meza wote wawili, wazee wazima, magoti yakigongana. Chini ya sakafu maji yalitoa sauti kama mafuta ya moto yakidondokewa na tone. Dirishani niliona duara jeupe la mapovu likitanuka katikati ya ziwa, likasita, likajikunja. Kifua cha Andimile kiliendelea kupiga kwa kipimo kile kile. Macho yake ndiyo yaliyokuwa na hofu.

Upepo ukaingia. Akashuka, akaiwasha taa tena kwa kiberiti.

"Umeona," akasema. "Rudi juu, ukamalize kazi yako. Sheria inakulinda. Hukusikia kitu."

*

Nilipanda ngazi zile kwa hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Mzee yule alikuwa na haki ya siri yake. Alikuwa na haki ya kutosimama. Lakini lile "nje" lilikuwa limetoka mdomoni kwa Mama Sekela bila yeye kujua amebeba nini, na kesho yake angejua. Nani angemwambia? Gwantwa? Mimi nikiwa tayari mji wa tatu kutoka pale, miguu juu ya kiti cha watu wengine?

Nilimkuta Mama Sekela uani pa kiwanda, akimenya ndizi za kupikia mbalaga ya watu wote. Sufuria lilikuwa kubwa kama mtumbwi.

"Karibu, fundi. Kimeiva?"

"Kinakaribia. Mama Sekela, nina neno ambalo siruhusiwi kukuambia."

Akanitazama, kisu kikiendelea. "Basi liseme upesi kabla hujaogopa."

Nikalisema. Sikulizungusha. Alimenya ndizi nzima mpaka mwisho, akaiweka ndani ya maji, akachukua nyingine, hakuimenya.

"Lile nje nililisema mimi," akasema.

"Ulisema bila kujua."

"Watu watasema hivyo, na watasema kwa upendo. Mimi nitaisikia sauti yangu." Akafuta mikono kwenye kanga. "Yule mzee. Nilimchinjia jogoo."

"Kaniambia."

"Alikula mapaja yote mawili!" Nilidhani anacheka, sivyo. Alipotulia akaniuliza kama anayeuliza bei sokoni: "Ukimrudisha Kobe ndani, pampu zitachelewa. Ziwa litapinduka?"

"Huenda. Huenda pia likavumilia mpaka hewa ipungue. Hakuna fundi atakayekuapia."

"Huenda. Na kifua cha mume wangu?"

"Hicho hakina huenda."

"Kwa hiyo upande mmoja ni mtu mmoja kwa hakika. Upande mwingine ni watu wote kwa labda."

"Ndiyo."

"Nani aliyetunga jambo la namna hii, Mzee Songoro?"

Nikamweleza habari ya mkoba, na jinsi Andimile alivyoikataa. Alisikiliza bila kunikatiza, akauliza mambo mawili matatu, ya jua, ya mvua, ya umbali. Kisha akaniachia kisu mkononi kama vile mimi ndiye niliyekuwa nimeajiriwa kumenya, akaenda zake ndani. Mara nikasikia kengele ya kiwanda ikigongwa.

*

Mwanzishaji ana haki moja: kabla kiini hakijapigwa muhuri, anaweza kutaka swali moja lirudiwe. Moja tu. Watu wakarudi kwenye magunia wakinung'unika. Andimile aliletwa kutoka ziwani, akaingia anahema kwa kipimo chake kile kile, akaniona, akajua.

"Umenyoosha kidole," akaniambia mbele ya wote.

"Nimenyoosha."

Ukumbi ukavuma. Gwantwa akainua mkono. "Adhabu yake ipo, tutaifikia. Soma, fundi."

Nikasoma. Prosesa za ukoo wa Kobe, ndani au nje. Mwenye mashine asimame.

Andimile alibaki amekaa. Mama Sekela hakumtazama. Alitazama mbele, mikono mapajani. Mwishowe mzee akajishika kwenye meza, akasimama.

"Ni kidude cha pumzi," akasema. "Ni changu."

Hapo hapo Lusekelo, yule wa utani, akapiga kelele bila kungoja mwanzishaji: "Ndani! Ndani, jamani, ni Mzee Andimile!" Na wengine wakadakia, huku na huku, ndani, ndani. Bibi mmoja alilia.

"Unaona!" Andimile akamgeukia mke wake, si watu. "Unaona nilichokiogopa? Pampu nimezijenga mimi, nawaambia hazitaweza! Mwenyekiti, waambie!"

Gwantwa alikuwa akiitazama taa ya goti pale mlangoni aliposimama. Ilikuwa imezimika.

Hakuna aliyepiga kelele. Watoto walinyanyuliwa kwanza, wakapangwa juu ya meza za chai kama majani, halafu wazee, halafu wenye nguvu. Magunia yalibaki chini na viatu vya watu. Tulisimama juu ya meza zile, tumeshikana mabega, tukiitazama sakafu tupu ambayo haikuwa na kitu cha kuonekana. Kutoka ziwani ile sauti ya mafuta ya moto ilikuja na haikukoma.

Wote walikuwa wakimtazama Mama Sekela. Bila yeye kuanza, hakuna jibu.

"Fundi," akasema, "mkoba wako lazima ubebwe na fundi?"

"La. Unabebwa na mwenye mgongo."

"Basi mgongo ninao." Akamshika mume wake mkono. "Wewe, mzee mwongo. Utatembea, au nikubebe na wewe pia?"

"Tumpe," akasema Andimile. Ndiyo mara pekee niliyosikia jina la kuzaliwa la Mama Sekela. "Tumpe, sijawahi kulala nje ya ukingo huu isipokuwa hospitali. Nani ataangalia pampu?"

"Sijakuuliza habari za pampu."

Ikapita pumzi moja ya kile kidude, ikapita ya pili. Akatikisa kichwa kukubali, kidogo sana.

"Nje," Mama Sekela akasema. Hakuipandisha sauti.

Watu hawakuitikia. Nani angeweza?

"Itikieni," akawaambia. "Msiniachie peke yangu."

Wakaitikia. Lilikuwa itikio baya, lisilopatana, kila mtu na wakati wake.

*

Upepo wa ukingoni ulituhurumia, tukashuka mezani. Kiini kilipigwa muhuri, nikakihamishia kwenye mashine kubwa ya kibanda cha pampu, itakayokitangaza mji mzima. Mkoba wenyewe niliuzuia usikipokee. Ukaniuliza mara kadhaa kama nina hakika. Nikauambia nina hakika.

Nilimfungia Mama Sekela kamba za mabegani. "Asiwe mbali nawe kuliko sebule na jikoni," nikamwambia. "Bamba la jua litazame juu. Mkoba ukikuomba ruhusa ya kubadilika, ukatae, hata ukiomba kwa adabu. Msipite katikati ya miji. Wakiuliza, semeni mnakwenda kwa ndugu."

"Na wewe?"

"Mimi miguu ninayo."

Gwantwa alikuwa nyuma yangu. "Miguu yako tunaihitaji hapa," akasema. "Umevunja sheria, mkoba huna, na pampu zimebaki bila mtu. Adhabu yenyewe ndiyo hiyo."

"Kwa muda gani?"

"Una haraka ya kwenda wapi?"

Wakapanda njia ya ukingoni, mama mbele, mzee nyuma yake, ukungu ukawameza kabla hawajafika nyumba ya mwisho. Mimi na Gwantwa tukashuka kibandani. Nikaiwekea mashine kubwa kazi moja: kupiga hodi kwa Kobe, tena na tena. Kila hodi, ule mlio ukaitika. Mfupi, mchovu. Kila mara hafifu zaidi.

Sindano za geji zilikuwa zimegonga mwisho na kutulia huko. Taa ya goti tuliiwasha, ikazimika, tukaiwasha, ikazimika. Tukasimama juu ya meza.

"Tuma," akasema Gwantwa.

"Bado namsikia."

"Songoro. Watoto wamesimama tena juu ya meza."

"Yuko ndani ya mji bado! Ngoja."

Alingoja. Nampa haki yake, alingoja, midomo imebanwa, mkono wake umeshika mkono wangu wenye swichi, na sikujua kama ananizuia au ananisukuma. Duara jeupe lilikuwa limeshika nusu ya ziwa. Hodi. Mlio. Hodi. Mlio, kama unywele ukidondoka. Hodi.

Hakuna.

Nikapiga nyingine. Hakuna. Huenda alikuwa amevuka ukingo. Huenda pia alikuwa ameanguka njiani, kamba imekatika, mkoba umegonga jiwe. Kimya cha aliyevuka na kimya cha aliyekufa havina tofauti sikioni, na mimi sikuwa na kifaa cha kuvitenganisha. Nikabonyeza.

Mji mzima ulizimika. Taa, malango, redio, pampu. Kwa muda huo Mbwila lilikuwa halina mtu wa kulishika, na tulilisikia likivuta pumzi. Kisha pampu ya kwanza ikaguna, ya pili ikaifuata, ya tatu, na zilipokwisha kuwaka zote zilianza kufungua na kufunga kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja, mchi ukiingia mwingine ukitoka, hakuna hata mmoja uliogonga mwenzake. Sindano zikaondoka mwisho. Zilishuka polepole mno. Lakini zilishuka.

Gwantwa alikaa pale pale juu ya meza, akafunika uso kwa kanga.

Ukungu ulianza kufunguka kuelekea machweo. Nilitoka nje nikatazama juu, ng'ambo, kule njia inakopita mgongo wa mlima wa pili. Nilitazama hadi macho yakatoa machozi. Palikuwa na mawe. Palikuwa na ng'ombe wa mtu. Halafu nikaona jiwe moja linasogea, na nyuma yake jingine dogo. La nyuma likasimama. La mbele likaendelea hatua chache, likasimama, likarudi. Yakakaa pamoja muda mrefu, yasisogee, na mimi nikajikuta nimeshikilia pumzi yangu mwenyewe kana kwamba ningeweza kumpa.

Yakaanza kutembea tena. Taratibu. Yakapita nyuma ya mlima.

Miguu yangu iliniwasha, ikitaka njia. Iliniwasha hivyo katika kila mji, na kila mara nilikuwa nimeitii. Lusekelo akashuka ngazi na sahani ya mbalaga iliyopoa, akanipa, akasimama kando yangu akitazama kule kule, ingawa hapakuwa na cha kutazama tena.

"Kwa hiyo umekuwa wa kwetu, Mzee Songoro?" akaniuliza. Hakukuwa na utani sautini.

Pampu ya mwisho kushoto ilikuwa inatoa mlio wa chuma kikavu. Nikamuuliza mafuta ya kulainishia yanawekwa wapi.